Usiachie

Mbwa sita, na hakuna hata mmoja wa ukoo.
Biskuti tulipewa na mjane wa Ashland,
Nikeli aliokotwa nyuma ya kituo cha mafuta,
Mchungaji alipata jina kwa kulia kila Jumapili,
na wale ndugu watatu, masikio yameinama,
nusu yao ni mbwa wa sungura:
wakinusa nyayo tu, safari imekwisha.

Sleji tulinunua kwa dola mia na tisini
na gunia la viazi.
Karin aliikaza kwa kamba za kuanikia nguo.
Mama mkwe Hilma alitazama dirishani, akasema:
"Wenzake wakifika arobaini hufuma."

Saa kumi na moja alfajiri
zebaki imejikunyata chini kabisa ya kipimajoto.
Mke wangu anavaa soksi tatu, ya juu ni yangu.
Kwanza mbwa, kisha basi la shule,
watoto arobaini na wawili, barabara ya kata,
na sauti ni ile ile kwa wote.
Jii ni kulia. Hoo ni kushoto.
Simama: hilo neno hawalijui, mbwa wala watoto.

Mimi kazi yangu ni kushika.
Nashika kamba, nashika Biskuti ukosi,
nashika tochi kwa meno huku nikifunga vifungo
kwa vidole ambavyo si vyangu tena.
Kelele ni kama soko linaloungua.
Halafu fundo linafunguka
na zote zinakatika, mara moja,
kana kwamba mtu amefunika sufuria.
Unabaki mkwaruzo wa vyuma juu ya theluji,
na mimi, na harufu ya mikojo, na nyota.
Ukimya ule sijauzoea.

Britta huandika maili kwenye kalenda ya benki.
Anders hulala na kisoksi cha mbwa, kile chekundu,
amekivika kidole gumba.
Juu ya jiko la kuni twaanika mikanda, glavu,
suruali za watoto zilizosimama zenyewe kwa barafu
kama wageni wasiojua wakae wapi.

Kanuni ni moja, Karin ameiandika mlangoni:
USIACHIE.
Ukianguka, buruzwa. Ukiburuzwa, shika.

Februari, siku ya upepo,
sleji ilirudi peke yake.
Ndimi nje, wamejipanga kama wenye adabu,
na kwenye mpini hakuna mtu.
Nilihesabu mbwa.
Sijui kwa nini nilihesabu mbwa.
Britta alisimama mlangoni, akalifunika lile neno
kwa mgongo wake.

Nilimkuta maili mbili mbele, karibu na daraja la reli,
ameketi juu ya tuta la theluji,
anakula soseji ya mbwa.
Nyusi zimeganda. Mkono mmoja ameukumbatia.
"Kulikuwa na kulungu," alisema. "Wao walimwona kwanza."
Akatafuna.
"Niliachia. Mkono ulikataa. Usimwambie mama."

Lakini mama alikuwa keshatoka, kwa sapatu,
yeye ambaye miaka minne hakulikaribia banda.
Lile goti la chuma alilopewa hospitali
lilikuwa chini, kwenye theluji.
Mikanda yote ameikata kwa kisu cha mkate,
na anamfuta Biskuti miguu, kidole kwa kidole,
kwa taulo lake la manjano, lisiloguswa na mtu.
Hakuinua kichwa.
"Huyu ana donda," alisema. "Na wewe chakula kimepoa."

Ufa mwembamba kama unywele, alisema daktari. Wiki sita.
Basi limepata dereva mwingine.
Mbwa hawajui wiki sita ni nini.

Basi leo alfajiri niliyesimama juu ya vyuma ni mimi,
na Karin ndiye ameshika kamba, kwa mkono mzima.
"Unalikumbuka neno?"
"Usiachie."
"Si hilo. Jii ni upande gani?"

Nimesahau.
Fundo limekwisha kufunguka.